Uliza Umri wa Prosesa Kabla ya Jina Lake

Hotuba hii niliitoa mbele ya walimu, wenye steshenari na vijana wanaojifunza kompyuta hapa Mwanga, Kigoma. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema, pamoja na namba nilizokuwa nikiziandika ubaoni.

Walimu wangu, mama zangu na dada zangu wa steshenari, mafundi wenzangu, vijana: Asalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Mwakeye!

Asanteni kwa kufika. Najua wapo waliotoka Mwandiga na Kalinzi alfajiri, na yupo mwalimu aliyesafiri toka Kibondo jana. Nitaingia moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Siku chache kabla ya dirisha la mikopo ya elimu ya juu kufunguliwa, mama mmoja mwenye steshenari alifika kwenye meza yangu ya ufundi na laptopu aliyoifunga kwenye kitenge. Alikuwa ameinunua kwa shilingi 650,000, fedha aliyoipata zamu yake ya upatu ilipofika. Pembeni mwa kibodi palikuwa na stika ya i7. Aliyemuuzia alimwambia hakuna kubwa zaidi ya hiyo. Kazi ya mama huyu mnaijua, kwa sababu wengi wenu ndiyo yenu: kijana anakuja na cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA na vyeti vya NECTA, anataka vyote viskaniwe, vipunguzwe ukubwa na vipandishwe kwenye mfumo kabla mtandao haujakatika. Mashine ya mama ilikuwa ikiganda katikati ya kazi hiyo, feni inapiga kelele, foleni inafika barabarani. Na nyumbani binti yake alikuwa na laptopu ya i5 iliyokuwa ikiipita ile i7 waziwazi.

Akaniuliza, "Mwanangu, saba si kubwa kuliko tano?"

Nimelibeba swali lile hadi leo, kwa sababu nimeona watu wengi wa mkoa huu wakipoteza fedha zao hapohapo. Wengine wananunua stika. Wengine wanatupa mashine ambayo ingewafanyia kazi miaka mitatu zaidi. Wote wawili wamekosa kuuliza umri wa prosesa, yaani kile kichakataji kinachofanya hesabu zote ndani ya kompyuta.

Tuanze na namba. Mashine ya mama ilikuwa na prosesa ya kampuni ya Intel inayoitwa i7-4600U. Ya binti ilikuwa i5-8250U. Acheni kwanza hiyo saba na hiyo tano, tazameni tarakimu inayofuata kistari. Nne ni kizazi cha nne, kilichotoka mwaka 2013. Nane ni kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017. Ile 3, 5 au 7 ya mwanzo ni nafasi ya prosesa miongoni mwa wenzake wa kizazi chake tu. Walimu mtanielewa haraka: mtoto aliyeshika namba moja darasa la nne, ukimpa mtihani wa kidato cha kwanza, ambacho ukihesabu toka la kwanza ndicho darasa la nane, atapitwa na yule anayeshika nafasi ya katikati. Hatusemi mtoto hana akili.

Sasa fungueni ndani. Ile i7 ya mama ina viini viwili, yaani wafanyakazi wawili. Ile i5 ya binti ina viini vinne. Zote mbili zimeundwa kutumia wati 15. Kwa umeme uleule, binti ana wafanyakazi mara mbili, na kazi inayoweza kugawanywa kati yao inakwenda karibu mara mbili ya kasi. Kwa miaka mingi laptopu nyembamba za i5 na hata za i7 zilibaki na viini viwili, toka kizazi cha pili hadi cha saba, kisha ghafla mwaka 2017 vikawa vinne. Mwaka huohuo kampuni ya AMD ilileta prosesa za Ryzen na ushindani ukarudi sokoni. Mimi siamini kwamba mambo hayo mawili yalikutana kwa bahati. Kwa mnunuzi wa kawaida mpaka mkubwa uko hapo, kati ya saba na nane.

Namba zina mitego yake. Kizazi cha kwanza kina tarakimu tatu, kama i5-520M. Namba ikianza na 10, 11, 12 au 13, soma tarakimu mbili kwa pamoja: i5-1135G7 ni kizazi cha kumi na moja, si cha kwanza. Tangu mwisho wa 2023 Intel wameanza kuiacha ile herufi i, kwa hiyo mkikutana na Core 5 120U msidhani ni mzee. Na AMD wana mtego mkubwa zaidi. Ryzen 5 7520U ilitoka mwaka 2022 na namba yake inaanza na saba, lakini muundo wa ndani ni ule wa mwaka 2019. Kwenye familia hiyo ya elfu saba anayesema ukweli ni tarakimu ya tatu, ile mbili. Mtu asipoambiwa hili atalipa bei ya mwaka mmoja na kuchukua kazi ya mwaka mwingine.

Kijana mmoja ameniuliza pale mlangoni kuhusu gigahezi. Amesema laptopu yake ya zamani ina 2.6 na mpya aliyoiona dukani ina 1.6, sasa upya wake uko wapi? Ni swali zuri sana. Gigahezi ni mapigo: gigahezi moja ni mapigo bilioni moja kwa sekunde. Nendeni Kibirizi jioni muwatazame wapiga makasia. Mmoja anaweza kupiga makasia mengi kwa dakika na mtumbwi ukasogea kidogo, mwingine anapiga machache, lakini kila pigo linausukuma mtumbwi mbali. Gigahezi inahesabu mapigo peke yake, haisemi mtumbwi umefika wapi. Mwaka 2004 Pentium 4 ilifika gigahezi 3.8, ikawa inachemka na kula umeme bila kwenda mbele kwa kiasi hicho. Mwaka 2006 ikaja Core 2 Duo, nyingine zikiwa na gigahezi 1.86 tu, na kwenye kazi nyingi zikaiacha nyuma ile ya 3.8. Tangu wakati ule kulinganisha prosesa za vizazi tofauti kwa gigahezi pekee hakuna maana. Isitoshe, ile 1.6 ya dukani ni mwendo wa kawaida; kazi ikizidi, prosesa mpya hujipandisha yenyewe hadi zaidi ya mara mbili ya hapo, ikichoka na joto inashuka.

Kinachowezesha haya ni udogo. Prosesa ya kwanza ya Intel kuuzwa sokoni, 4004 ya mwaka 1971, ilikuwa na transista 2,300. Transista ni swichi ndogo ya umeme, inawaka au inazima. Pentium ya 1993 ilikuwa nazo milioni 3.1. M1 ya Apple, ya mwaka 2020, ina bilioni 16. Swichi ikiwa ndogo inahitaji umeme kidogo kuwaka, na unaweza kuzipanga nyingi mahali palepale. Hapo ndipo vinatoka viini vya ziada, na betri inayofika jioni.

Lakini sikuja kuwaambia mnunue mpya. Narudi kwa mama.

Nilipoifungua ile mashine nilikuta vitu viwili: RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 4 tu, na diski ngumu (hard disk) ya kuzunguka. Diski ya aina ile ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mdogo unaokimbia huku na huku kutafuta ulichokiomba. Kila safari ya mkono ule inachukua milisekunde 10 au zaidi, na milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Mnaona ni kidogo? Kwa gigahezi 2, milisekunde 10 ni mapigo milioni 20 ambayo prosesa inakaa bure, ikisubiri. Na Windows ikiwaka inaomba vipande vidogo maelfu kwa maelfu. Mtu anaitazama mashine inachukua dakika nne kuwaka, analaumu prosesa, kumbe prosesa imekaa kama mpishi ambaye viungo vyake vinaletwa kimoja kimoja toka Ujiji kwa miguu.

SSD, ile diski ya kisasa, haina kinachozunguka wala mkono. Inajibu chini ya milisekunde moja. Nilimwekea mama SSD ya GB 240, nikaongeza RAM ikafika GB 8, nikapangusa vumbi kwenye feni na kupaka upya ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipooza chake, maana ilikuwa imekauka kama udongo. Siku ya pili mashine ilikuwa inawaka chini ya nusu dakika. Alicheka kwa sauti. Ninawaambia kwa dhati, katika mashine kumi za kizazi cha tatu, cha nne au cha tano zinazoletwa kwangu kwa "prosesa imechoka", nyingi zinapona kwa dawa hiyohiyo.

Hapa huwa naikumbuka meli yetu. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikasafirishwa hadi hapa Kigoma, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ilizamishwa 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Katika miaka ya 1970 waling'oa injini za mvuke wakaweka za dizeli, na bodi lilelile la Wajerumani likaendelea kubeba watu na dagaa. Laptopu inafuata njia ya kinyume. Karibu kila kitu unaweza kubadilisha isipokuwa injini, kwa sababu prosesa zenye herufi U mwishoni mwa namba zimechomelewa kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani. Kwa hiyo siku ya kununua, chagueni injini kwa makini, kwa kuwa RAM na diski mnaweza kuzishughulikia baadaye fedha ikipatikana. Nimewaona watu wakifanya kinyume: wanafurahia SSD kubwa iliyowekwa ndani ya mashine ya Core 2 Duo.

Sasa, SSD ilimsaidia mama, lakini haikuifanya i7 yake iwe kama i5 ya binti, na nilimwambia hivyo. Kuna kazi ambazo uzee wa prosesa unaonekana hata ufanye nini. Ya kwanza ni video. Video za YouTube huja zimebanwa kwa njia mbalimbali, na prosesa ikiwa na sehemu maalumu ya kuzifungua, kazi inafanyika kimya. Njia ya zamani, H.264, inafunguliwa hivyo hata na prosesa za Intel za kizazi cha pili, za mwaka 2011. VP9, inayotumika sana na YouTube, ilipata sehemu yake kamili kwenye kizazi cha saba. AV1 ilipata kwenye kizazi cha kumi na moja. Mashine isiyo na sehemu hiyo inalazimika kuifungua video kwa hesabu za kawaida, viini vyote vinakimbia, joto linapanda, prosesa inajipunguza kasi ili isiungue. Mwalimu unaonesha somo la baiolojia kwenye projekta, picha inakatakata, darasa linazomea. Kama hiyo ndiyo mashine uliyonayo, shusha ubora wa video uwe 480p. Ukutani inasomeka, na bando linabaki. Kipo pia kiongezo cha kivinjari kinachoilazimisha YouTube ilete H.264. Mimi hutumia njia hiyo kwenye mashine za vizazi vya kati na inasaidia kweli.

Ya pili inanihuzunisha zaidi, kwa sababu haitokani na nguvu ya prosesa. Oktoba 14, 2025, Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Kwa watumiaji wa kawaida waliojiandikisha, nyongeza ya viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya, ilipangwa kufika Oktoba 13, 2026. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba, pamoja na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kwa hiyo mashine ya kizazi cha sita yenye afya kabisa, iliyounganishwa 2016, imefungiwa mlango. Mafundi wenzangu mnajua njia za kupitia dirishani. Zipo na zinafanya kazi, lakini mwambieni mteja kabla hajalipa kwamba Microsoft hawajampa ahadi ya masasisho. Na kwa Core 2 Duo hata dirisha limezibwa: toleo la Windows 11 liitwalo 24H2 linahitaji amri ambazo prosesa hizo hazinazo, kwa hiyo haliwaki kabisa.

Mnisikilize hapa, hasa nyie mnaoshika namba za NIDA na nywila za watu siku nzima. Mashine isiyopata viraka si jambo la mwenye mashine peke yake. Mtoto wa mtu amekupa taarifa zake zote akitafuta mkopo wa chuo. Kama huwezi kununua nyingine leo, weka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows. Kuskani, kuchapa kwa programu ya LibreOffice, kufungua mifumo ya maombi kwenye kivinjari, vyote vinafanyika, na viraka vinaendelea kuja bila malipo. Wiki ya kwanza utalalamika vitufe havipo ulipovizoea. Wiki ya tatu utasahau. Ila hakikisha kwanza printa na skana yako vinakubaliana nayo, jaribu kwa flashi kabla ya kufuta chochote.

Kuna kosa jingine ambalo naliona sana kwa wazazi wanaomnunulia mtoto anayekwenda chuo. Wanasema mtumba sitaki, nataka ya kwenye boksi. Wanarudi na laptopu mpya yenye Celeron N4020, RAM ya GB 4 iliyochomelewa na hifadhi ya GB 64. Prosesa ile ilitoka mwishoni mwa 2019, ina viini viwili, na kwa nguvu inapitwa na i5-4300U ya mwaka 2013. Mpya, lakini dhaifu toka kuzaliwa, na huwezi kuiongezea RAM. Kwa fedha ileile, au kwa nyongeza ndogo, mtoto angepata iliyotumika ya kizazi cha nane yenye GB 8. Ina mikwaruzo, betri yake imechoka kidogo, lakini itamfikisha mwaka wa tatu.

Si kila prosesa ndogo ni dhaifu, msije mkanielewa vibaya. Mwaka 2023 Intel walitoa N100, yenye viini vinne. Nguvu yake inakaribia ile ya i5-6500, prosesa ya kompyuta za mezani ya mwaka 2015. Angalieni tofauti ya umeme lakini: i5-6500 imepimwa wati 65, N100 wati 6. Hizo ni za chipu peke yake, mashine nzima inakula zaidi. Ndugu yangu wa Kalinzi unayetumia sola, hesabu yako iko hivi. Betri ya volti 12 ya Ah 100, yaani ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200. Ukiitumia nusu ili isife mapema unabaki na 600. Kompyuta ya mezani ya zamani na kioo chake vikila wati 100, una saa sita. Kompyuta ndogo na kioo vikila wati 30, una saa ishirini. Kwako wewe prosesa mpya haileti kasi tu, inakupa siku nzima ya kazi.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue nini, namuuliza kwanza anafanya nini na tayari ana nini. Anayechapa barua na kutoa kopi, mwenye mashine ya kizazi cha nne, abaki nayo, aweke SSD na mfumo unaopata viraka. Anayenunua leo kwa kazi ya ofisi asishuke chini ya kizazi cha nane, au Ryzen ya 3000 kwenda juu. Anayehariri video za harusi, hilo ni somo lingine kabisa, tuonane pembeni, maana hapo viini sita na kadi ya picha vinahesabiwa. Na yeyote kati yenu asikubali kutoa fedha kabla muuzaji hajaiwasha mashine mbele yake.

Ikishawashwa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Mstari wa Processor utakuonesha jina lote na namba yote. Stika hubanduliwa na kubandikwa, ule mstari unasomwa toka kwenye chipu yenyewe. Kisha fungua kidhibiti kazi kwa Ctrl, Shift na Esc, utazame kama diski ni SSD na RAM ni kiasi gani. Dakika mbili zinatosha.

Nimeona wengi mmekuja na laptopu zenu. Zifungueni sasa. Walio mstari wa mbele waanze, nitapita meza kwa meza, na pale dirishani nimeweka mbili zilizofunguliwa mgongo, ya kizazi cha nne na ya kizazi cha nane, mzishike muone zilivyo. Mama wa Gungu, yako imeandika nini?